Leo Kwangu, Kesho Kwako

Mashindano ya mipango ya biashara niliyaingia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Unafika hotelini mjini Kisii asubuhi, unavishwa kadi shingoni, unapewa fulana inayokubana, halafu kijana mwenye raba nyeupe anakufundisha kuwaeleza wenye pesa ndoto yako kabla hawajachoka. Jioni unarudi Keroka na cheti. Cheti hakipikiki.

Biashara yangu ilikuwa unga wa ndizi. Ndizi mbichi tunamenya, tunakatakata, tunaanika, tunapeleka kusagwa. Nasema "tunamenya" kwa sababu sikuwa peke yangu. Majirani walikuja kwa egesangio, utaratibu wetu wa kusaidiana kazi kwa zamu. Leo wanawake wote wako kwangu na visu, kesho niko kwa mwenzangu tukipalilia mahindi, kesho kutwa tuko kwa mama mkwe wangu tukichuma majani chai. Hakuna anayemlipa mwenzake. Lakini ole wako ukose zamu ya mwenzako.

Mwaka mmoja jaji wa mashindano, bwana mwenye miwani kutoka Nairobi, aliniuliza wafanyakazi nawalipa vipi. Nikamjibu kwamba hatulipani, ni egesangio. Akataka nimtafsirie. Nikasema ni majirani kusaidiana, na kabla sijafika kwenye zamu alikwisha kuwageukia wenzake.

"Mmesikia? Jamii nzima inamfanyia kazi bure!"

Ukumbi ukapiga makofi. Nilishinda. Nikapigwa picha nimeshika hundi ya kadibodi kubwa kama mlango, na bwana yule yule akajitolea kuwa mwekezaji wangu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Alikuja na mashine ya kukaushia na mkataba uliompa sehemu kubwa ya kampuni. Akataka unga kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Niliwaita majirani, wakaja. Nikawaita tena, wakaja, ingawa zamu ilikuwa ya mwingine. Mara ya tatu alikuwepo mwenyewe, amesimama uani akitupiga picha. Mama mkwe wangu akaweka kisu chini, akamsemesha kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mwanangu, kazi yako tumefanya. Sasa kwetu utakuja siku gani? Majani yangu imekuwa mingi sana. Kikapu usibebe, iko."

Bwana alicheka hadi akavua miwani. Hakuna mwingine aliyecheka. Mama hakuwa akimtania. Alikuwa akimdai zamu yake, kama ambavyo angemdai yeyote.

Nilimvuta bwana yule kando nikamwambia achague, ama aje kuchuma chai, ama awalipe. Akanijibu kwamba mpango ulioshinda unasema kazi ni ya bure, na kama si ya bure basi hapa hakuna biashara, kuna wanawake na ndizi tu.

"Waelimishe," akaniambia.

Niwaelimishe! Watu walionimenyea ndizi nikiwa na mtoto mchanga mgongoni, wakaninyang'anya kisu nikapumzike. Hasira ile sijaimeza mpaka leo. Nilimwambia apakie mashine yake aende, naye hakungoja kuambiwa mara mbili. Pikapu ilikuja kuichukua, ikamtifulia kila mtu vumbi.

Nilidhani yameisha. Kumbe picha yangu na ile hundi ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu kuanzia Keumbu hadi Nyamira, na chini yake maneno yale ya jaji: jamii inamfanyia kazi bure. Hakuna aliyeniuliza kama ni mimi niliyeyasema. Picha ilikuwa yangu, na nilikuwa natabasamu.

Wiki iliyofuata zamu ilikuwa ya jirani tunayepakana naye mashamba. Niliamka mapema nikabeba jembe. Niliwakuta wanawake wote wameshaingia kwenye mahindi, wamejipanga, na mama mkwe wangu yumo. Hakuinua kichwa. Mwenye shamba alinyooka, akajifuta mikono kwenye leso, akanijia mpaka kwenye mpaka wetu akitabasamu vizuri kabisa.

"Asante kwa kuja, madam," akasema. "Tuko wa kutosha."

Alisema kwa Kiswahili. Tangu niolewe pale, mimi na yeye hatukuwahi kuzungumza ila Kikisii.