Kisima Kilichojazwa kwa Ndoo

Juzi mjukuu wangu alinunua kamba mpya ya kuanikia nguo, akaifungulia mezani, na kwa ile harufu kavu ya mkonge nikatua kikombe ghafla. Watu wa nyumbani wakadhani nimepaliwa na chai. Sikupaliwa. Nilikuwa nimerudi Magindu, msichana wa miaka tisa, kamba kama ile mkononi.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchimba visima. Masika ya mwaka ule alichimba kisima cha kijiji, wanakijiji wakibeba udongo, na maji yakaonekana. Jumbe, kwa furaha yake, akapeleka habari boma la Kisarawe kwamba kazi imekwisha. Kiangazi kilipoingia kisima kikakauka, na hakuna aliyethubutu kupeleka habari ya pili. Ndipo tukaambiwa kwamba Mzungu mmoja, mjumbe wa baraza la Gavana, atakuja kutazama kiwanda cha mkonge kule Ruvu, kisha apite kukiona kisima chetu. Kiwanda kikatuletea kamba mpya ya kutekea kwa heshima ya mgeni.

"Akikikuta kikavu," jumbe alimwambia baba mbele yangu, "mimi nitavuliwa ujumbe. Wewe utafungwa."

Siku yenyewe, tangu alfajiri, akina mama walijipanga kutoka lambo la ng'ombe mpaka kisimani wakimwaga ndoo baada ya ndoo. Mama yangu alicheka, akasema hajapata kuona kisima kinachoteka maji kwa watu. Kufika saa tatu, saa tuliyoambiwa mgeni atafika, maji yalikuwa ya kiunoni. Mimi, binti wa fundi, nikachaguliwa kuteka ndoo ya kwanza mbele ya mgeni.

Saa tatu ikapita, mgeni hakutokea. Tukasikia amenogewa na mashine za kiwandani, anatazama majani ya mkonge yakitoka nyuzi. Tukangoja juani. Kila nilipochungulia, maji yalikuwa yameshuka tena, maana mchanga ulikuwa unayanywa. Nilimtazama baba, midomo imemkauka, macho yako barabarani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu niliamini akifungwa, mimi na ndoo yangu ndio tuliomfunga.

Motokaa ilifika adhuhuri imepita. Akashuka mgeni mrefu, mwekundu kwa jua, pamoja na karani wake, kijana wa Kisarawe aliyevaa soksi ndefu. Wakasimama hatua chache kutoka kisimani. Nikashusha ndoo, ikatua kwenye tope. Nilipoivuta, ndani mlikuwa na uji mweusi usiojaa hata kata moja.

Mgeni akauliza neno. Karani akaniambia, "Anauliza, maji ni mazuri?"

Nilikuwa nimefundishwa kujibu ndiyo. Lakini woga ulinizidi, nikayasema yote huku nalia. "Hakuna maji, bwana. Tumeyamwaga wenyewe asubuhi. Msimfunge baba."

Karani alinitazama, akamtazama na baba. Kisha akamgeukia mgeni, akasema Kiingereza kirefu kwa sauti ya utulivu. Mgeni akatabasamu, akapiga makofi, akaandika kitu kwenye daftari lake, wakaondoka. Kwa wiki nzima kila niliposikia ngurumo ya motokaa nilikimbia kumshika baba kanzu. Hakuna aliyekuja kumchukua.

Baba alipofariki, miaka arobaini baadaye, karani yule alikuja msibani, mzee wa mkongojo. Nikamuuliza alisema nini siku ile.

"Nilimwambia unalia kwa furaha, mwanangu," akasema. "Na kwamba kwenu ndoo ya kwanza ni ya tope, humwagwa."

Nikacheka, nikamshukuru kwa moyo wote. Kisha nikakumbuka kwamba mwaka uliofuata wazee wetu walikwenda boma kuomba kisima, wakaonyeshwa kwenye daftari kuwa wanacho tayari. Mama aliendelea kuteka lamboni, na mdogo wangu Mwanahawa alikufa kwa kuhara kabla hajatimiza miaka miwili. Nilikuwa nimesema kweli kwa sauti, mbele ya serikali, na kweli hiyo ikaishia njiani kwa huruma ya mtu mwema. Baba nilibaki naye.

Hayo sikumwambia karani. Nilimletea wali, nikamshikia birika anawe mikono. Akasifu maji yetu, akasema ni baridi na safi.