Kifaru cha Udongo wa Kichuguu

Enzi zetu pale Katumba, miaka ya tisini, kifaru cha vita cha kuchezea hakikununuliwa dukani. Kilichimbwa kwenye kichuguu. Watoto wa leo wanafungua boksi, wanaweka betri, jioni wameshakichoka. Sisi kuukanda udongo tu kulimaliza siku, na bado cha kwanza kilipasuka.

Cha kwanza hupasuka kwa sababu kila anayeanza hukimbilia mzinga. Mimi na rafiki yangu Zabroni tulikuwa tumekiona kifaru kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi, na mzinga ndio uliotuingia machoni. Tukauchomeka udongo ukiwa mbichi, tukakianika juani. Mchana tukakuta vipande viwili. Wewe unayeanza, anza na tumbo. Changanya udongo na nyasi zilizokatwa fupi, ukanyage mpaka uache kunata mguuni, kisha finyanga tumbo, uliache kivulini chini ya gunia lenye maji. Magurudumu ni vizibo vya soda, minyororo ni tyubu ya baiskeli. Mzinga uwe wa mwisho.

Cha pili kilitoka safi. Kesho yake ilikuwa siku ya kupeleka kazi za mikono shuleni, na hakuna kitu tulichotaka duniani kama kuwa wa kwanza. Tukakiweka mlangoni, mzinga wa bua la mtama ukitazama njia.

Baba akarudi kutoka shamba la tumbaku, jembe begani. Alipokiona, akaiacha njia, akaingia kwenye mihogo na kusimama humo.

Mama akapaza sauti kutoka jikoni: "Nyie, kitoeni hapo! Kivunjeni!"

"Kisivunjwe," baba akasema. "Watoto wamefanya kazi."

Akazunguka nyuma ya nyumba, akaja kuchuchumaa kando yetu. Akagusa mnyororo kwa kidole. "Huu uko chini sana. Wa kweli unapanda mpaka hapa." Akaurekebisha vizuri kabisa. Kisha akauchomoa mzinga taratibu, akautia mfukoni. "Hivi ndivyo kitakavyokwenda shuleni."

Darasani walicheka mpaka mwalimu akagonga meza. "Zabroni, trekta lenu mbona halina jembe?" mwenzetu mmoja akauliza. Tukashindwa na vinu na mikokoteni. Jioni ile sikumsemesha baba.

Baba aliingia nchi hii akiwa kijana, kwa miguu, akikimbia vita kwao. Alipenda kutusimulia safari hiyo, lakini kila mara alianzia walipokwisha kuvuka mto. Ya kabla ya mto hatukuuliza. Tulikuwa na michezo yetu, na tulidhani baba atakuwepo siku zote.

Sasa hayupo. Mwanangu ana kifaru cha plastiki, kinawaka taa na kupiga kelele, na mnyororo wake uko chini sana. Hukiacha sebuleni, mzinga umeelekea mlangoni. Nikirudi kazini nikakikuta hivyo, miguu yangu yenyewe inazunguka nyuma ya nyumba.

"Baba, mbona leo tena umepitia jikoni?" ananiuliza, akicheka.

Namwambia sijui. Ni kweli sijui. Aliyejua nilikaa naye nyumba moja miaka yote ile, nikamuuliza habari za vizibo na tyubu tu.