Nani kachomoa

Leo nimemgombeza mama wa watu bure, tena kwa simu, wateja wake wakisikia.

Mama Kavira ana duka Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Watu wanatumia mtandao wa ruta yake kupigia ndugu zao Butembo, upande wa Kongo. Mchana huu, nikiwa nyumbani Kasese, nilikuwa naingiza programu mpya kwenye chipu ya ruta hiyo kwa mbali, kupitia kidirisha cheusi cha kuandikia amri.

Kazi hiyo inafuta programu ya zamani kwanza. Umeme ukikatika katikati, ruta haiwaki tena.

Nilimwonya: hata radi ikipiga, usichomoe. (Mnatujua. Radi ikinguruma milimani, kila nyumba inachomoa kila kitu.)

Ikanguruma.

Asilimia sitini na moja, mawasiliano yakakatika.

Nikampigia. Nilisema mengi, sitayarudia hapa.

Akaningoja nimalize. "Fundi, ya huku iko inawaka. Niko nasimama mbele yake na gambuti za mpira miguuni, radi isinipate. Naogopa, lakini sijagusa. Angalia ya kwako."

Nikaangalia ya kwangu.

Imechomolewa. Waya umekunjwa vizuri. Mke wangu alikuwa ameshafika kwenye friji.

Chekeni tu.

Nikachomeka, nikaanza upya, chipu ikakubali, kwa sababu kule Bwera umeme haukukatika hata sekunde moja.

Nilikunywa chai kwanza. Saa nzima baadaye ndipo nikampigia kumwomba radhi.

"Ni sawa, fundi," akasema. "Sasa naweza kutoka hapa?"