Nilivyomfuta Mpundu mmoja kwenye seva ili ripoti iende mbio

Wakuu, salamu kutoka Nchelenge. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijayatia chumvi. Chumvi huku tunaweka kwenye samaki.

Mimi ni mutu wa Katanga, natunza seva ya Unix ya shirika moja linalopeleka dawa za magonjwa ya kudumu kwenye vijiji vya wavuvi, huku kandokando ya ziwa Mweru. Database ni kubwa: kila mgonjwa, kila ziara, kila pakiti ya dawa, miaka yote. Kila mwezi inatoa orodha ya nani apelekewe nini.

Orodha hiyo ilikuwa inachukua dakika arobaini.

Chef wangu, yaani bosi, akataka dakika moja. Nikamwambia tano. Tukavutana kama sokoni, tukaachana kwa mbili.

Bon. Nikachungulia. Seva ina memory ya kutosha, lakini database ilikuwa bado na settings zake za siku ya kwanza, inatumia kipande kidogo tu. Kama mutu mwenye nyumba ya vyumba nane, analala jikoni. Nikaiongezea.

Table ya ziara nayo haikuwa na index, kwa hiyo kila swali lilisoma yote toka juu mpaka chini. Nikaweka index, kama faharasa ya kitabu.

Hapo ndipo ilinipasa kupima. Sikupima.

Niliogopa zile dakika mbili, nikaongeza la tatu: skripti ya kufuta waliojirudia. Jina sawa, mama sawa, tarehe ya kuzaliwa sawa, basi huyo ni mmoja kaandikwa mara mbili. Nikahesabu mistari ya kufutwa, nikarudia, hesabu zikakubaliana: 412. Nikafuta.

Ripoti ikatoka kwa dakika mbili kasoro. Chef akanisifu mbele ya bureau nzima. Nilivimba, siwafichi.

Miezi miwili baadaye akaja mama mmoja kutoka Kabuta, kapakiwa nyuma ya baiskeli ya samaki. Wanamwita NaMpundu. Kwa Kibemba pacha ni mpundu, na aliyezaa mapacha ni NaMpundu. Ana mabinti wawili wa miaka tisa, wote wana kifafa.

Siku ya kuwaandikisha, karani wetu aliuliza hawa ni nani. Mama akajibu ni bampundu. Karani akaandika Mpundu, na chini yake Mpundu.

Mmeshaona.

Kwetu Katanga mapasa, yaani mapacha, kila mmoja ana jina lake. Wazo kwamba wawili wanaweza kuandikwa jina moja halikunipitia kabisa.

Pakiti zilikuwa mbili kila mwezi, ikaanza kuja moja. Mama aliuliza kliniki, akaambiwa kompyuta inamjua Mpundu mmoja tu.

Sasa, pacha huku hapewi kitu mwenzake akakosa. Nguo hii kwa huyu, nguo ileile kwa yule. Ukibagua, wanasema, mmoja anakasirika na kurudi alikotoka. Kwa hiyo kila asubuhi NaMpundu alikata kidonge katikati.

Nusu kwa nusu. Haikumtosha hata mmoja.

Kifafa kikarudi kwa wote wawili. Yule pacha mdogo akaangukia mbaula, jiko lenye makaa. Vidole vya mkono wa kulia vimeshikana.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Papa, njo weye unachungaka hii mashini?"

Nikasema ndiyo, ni mimi ninayeitunza.

"Uiambie ni babili. Mimi nilibazaa, nilikuwa pale."

Nikafungua backup, nikarudisha mistari yote 412, ya kweli na ya kujirudia. Halafu nikaendesha ripoti, nikijua itachelewa.

Dakika mbili kasoro. Ileile. Kazi yote ilifanywa na memory na index. Kufuta kwangu hakukuokoa hata sekunde.

Nilipomweleza chef, alisema ripoti bado inakimbia, sasa tatizo liko wapi.

Wakuu, nilichojifunza: badilisha kitu kimoja, pima, ndipo uguse kingine. Na kabla ya kufuta mutu, muulize anayejua watu wa huko wanavyoitwa.

Mwenye lake la namna hii aliweke hapa chini tusome. Na wewe unayetaka kuandika kwamba kosa ni la karani, hilo nililibeba njia nzima siku nilipokwenda Kabuta kumwona mutoto. Nilipofika, alinisalimia kwa mkono wa kushoto.