Kumsahaulisha Ziwa

Binti yangu alionja chakula chake cha kwanza kwenye nyumba yetu ya Ndosho, hapa Goma, mvua ikipiga mabati kiasi kwamba mimi na mama mkwe wangu tulilazimika kupaza sauti ili tusikilizane. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kalengera, kule Rutshuru, ambako analima maharagi na mtama kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mume wake. Alileta mkungu wa ndizi za kuiva na mfuko wa unga wa mtama, na uamuzi alikuwa nao tayari tangu nyumbani: mtoto ataanza na ndizi.

"Ndizi ni laini," alisema. "Bwana yako alianza na ndizi. Si unaona vile iko munene?"

Mimi nilikuwa nimetoka kituo cha afya na maneno mengine kichwani. Muuguzi alikuwa amenielekeza buyi ya masoso, yaani uji wa mahindi, mtama na soya, niupike hadi uwe mzito usimwagike kwenye kijiko, na baadaye niongeze mboga na ndagala, vile visamaki vikavu, zilizosagwa. Mama mkwe alinisikiliza kwa adabu. Halafu akaponda ndizi, akamlaza mtoto mapajani, akakunja kiganja chake kama bakuli na kumimina. Mtoto akatema. Mimi nikajaribu kijiko changu. Akatema pia. Tukaangaliana na mama mkwe, tukacheka, kwa sababu hakuna aliyeshinda.

Lakini alijifunza. Mimi ni fundi wa kushona, na mashine yangu iko chini ya kibanda mbele ya nyumba, kando ya njia. Nilikuwa namkalisha kwenye mkeka karibu na miguu yangu, nampa kipande cha avoka mkononi, naye anakipondaponda, anajipaka usoni, kidogo kinaingia mdomoni. Alipenda avoka, na viazi vitamu, na mchuzi wa maharagi. Mboga za lengalenga alizikunjia uso lakini alizimeza. Wateja walikuwa wanasema huyu mtoto hasumbui. Katikati ya chakula, akichoka, alikuwa anatambaa mpaka kwenye magoti yangu kutafuta ziwa, ananyonya kidogo, anarudi kwenye mkeka wake. Chakula na ziwa havikugombana. Kama ningeachwa, ningeendelea hivyo mpaka achoke mwenyewe.

Nikapata mimba ya pili wakati bado anatembea kwa kushika kuta.

Kila mtu niliyemjua alisema maziwa ya mwenye mimba yanamharibu mtoto: ataharisha, nywele zitabadilika rangi, miguu italegea. Muuguzi peke yake ndiye aliyekataa.

"Maziwa yako haina shida," alisema. "Kama unataka kumuachisha, toa ile ya muchana kwanza. Saa ile anaitafuta, umupe chakula, ucheze naye. Akizoea, toa ya asubui. Usimukate mara moja, mama."

Nilijaribu njia yake. Ni njia nzuri kwa mtu asiye na kazi. Nikiwa na kitambaa cha mteja kwenye mashine, binti alikuwa anapanda mapajani na kuniinua blauzi mbele za watu, na nikimpa kiazi anakitupa. Jirani akaniletea majani machungu, akayasaga, tukapaka chuchu zote mbili. Mtoto akaweka ulimi, akatetemeka mwili mzima, akaniangalia usoni muda mrefu. Halafu akashika ncha ya kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, akapangusa, akanyonya. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, ingawa nilikuwa nimechoka, na mtoto akacheka kwa sababu sisi tunacheka.

Ndipo mama mkwe alipopiga simu. Kwao, mtoto anayekataa kuacha ziwa anapelekwa kwa koko, bibi yake, mbali na harufu ya mama. Mume wangu na ndugu zake wote waliachishwa hivyo.

"Mumulete huku," alisema. "Majuma mbili tu, atasahabu. Atakula bugali na bengine. Na wewe utapumuzika na mimba yako."

Sikuona ubaya. Alikuwa mwanamke mwema, na mtoto alimfahamu. Mume wangu, ambaye anaendesha moto, pikipiki ya kubeba abiria, alisema atampeleka kwa minibus kwa sababu kwenye moto angepigwa na upepo. Mama mkwe aliagiza nisiage. Mtoto akiona mama analia, alisema, atabeba hayo machozi mpaka huku. Kwa hiyo asubuhi ile nilimpa avoka, na alipokuwa anaangalia avoka yake nilipita mlango wa nyuma nikasimama nyuma ya ukuta wa mawe meusi wa jirani. Nilisikia mume wangu akimfunga mgongoni kwa shida, kama wanaume wanavyofunga. Nilimsikia mtoto akiita, mara moja, bila kulia, kama mtu anayeuliza. Halafu wakaenda.

Maziwa hayakujua kama ameenda. Yalijaa mpaka nikashindwa kuinua mikono kwenye mashine. Nilikamulia kwenye kikombe na kumwaga nyuma ya nyumba, kwenye mawe, ambako yalipotea mara moja kati ya nyufa. Jirani alinifunga kifua kwa kitambaa. Yakapungua, yakabaki ya kutia doa tu, yakakauka.

Majuma mawili hayakuwa yameisha wakati mapigano yalipofika kwenye barabara ya Rutshuru. Sitaeleza vita, sisi wa huku tumeeleza vita mpaka maneno yamechakaa. Nitasema tu kwamba minibus ziliacha kwenda, halafu rezo ya simu ikakatika kule, na namba ya mama mkwe ikawa haipatikani. Mume wangu alijaribu kwenda na moto yake akarudishwa njiani. Alijaribu tena, akarudi bila viatu na bila moto, na sikumuuliza tena aende. Watu waliofika Ndosho wakitoka kule na magodoro kichwani tuliwasimamisha mmoja mmoja. Umeona mumama mufupi, anabeba katoto kasichana? Kila mmoja alikuwa ameona mumama mfupi na katoto.

Mimba ilikua. Mtoto wa kiume alizaliwa, na mimi hata furaha sikuipata kwa sababu maziwa yaliporudi yalirudi na yule mwingine akilini. Nilikuwa namnyonyesha huyu na kuhesabu meno ya yule.

Simu ilipita siku moja nikiwa nakata suruali. Mama mkwe alikuwa hai. Walikuwa wamekimbilia mashambani, wakalala kwa watu, wakarudi wakakuta nyumba imebaki kuta. Mtoto alikuwa mzima.

"Anakula?" niliuliza. Ndilo swali lililonitoka.

"Anakula kama mutu mukubwa! Maharagi, bugali, mihogo, hata bila munyu. Ziwa alisahabu kabisa. Ile siku ya pili tu alisahabu."

Nilisema asante, mama. Nikaomba anisikilizishe mtoto. Niliisikia pumzi yake kwenye simu, na kuku nyuma yake, na mama mkwe akimhimiza: sema na mama, sema.

Barabara ilipofunguka waliteremka Goma. Nilikuwa nimepika tangu asubuhi: buyi ya masoso yenye maziwa, viazi vitamu, avoka nimeikata vipande kama zamani. Mama mkwe alishuka kwenye moto, amekonda, na mgongoni kwake kulikuwa na msichana mrefu wa miguu ambaye kama ningekutana naye sokoni ningempita. Nilinyoosha mikono. Akageuza uso na kuuficha shingoni mwa koko yake, akasema, "Mama, twende."

Alikuwa anamwambia koko. Mama mkwe aliona aibu, akamwambia, "Mama yako njo huyu. Mimi niko koko." Mtoto alimwangalia kama mtu anayetaniwa.

Nilikuwa nimeogopa kwamba akimwona mdogo wake ananyonya ataniparamia, atalia, atataka lake. Niliogopa, na nadhani pia nilitamani. Alisimama mlangoni akaangalia. Hakukasirika. Aliangalia jinsi unavyoangalia kitu nyumbani kwa watu, kisha akatoka kucheza na mawe.

Mama mkwe alikaa mpaka maharagi yake yalipomwita. Alikuwa amepanda tena, na asipovuna hatakuwa na kitu cha kula wala cha kuuza. Safari hii yeye ndiye aliyepita mlango wa nyuma.

Tangu siku ile mtoto hakupokea chakula mkononi mwangu.

Hakupiga kelele. Alifunga mdomo tu. Nilipika alichokula Kalengera, mihogo na maharagi bila chumvi nyingi. Nilimpa sahani yake, nikamwacha peke yake, nikajificha kumchungulia. Aligusa kwa kidole, akakaa. Mume wangu akimpa kipande cha mkate njiani alikubali kidogo. Jirani alimlisha vijiko viwili au vitatu siku nyingine, mpaka nilipotokea. Maji alikunywa. Siku moja mume wangu alishikwa na woga, akamkamata, akamziba pua ili afungue mdomo, na mimi nikamimina buyi. Alimeza, halafu alitapika yote kwenye kikwembe changu, na baada ya hapo nikikaribia na bakuli lolote alikuwa anaziba pua mwenyewe kwa mikono yake miwili.

Nilimrudisha kwa muuguzi yule yule. Alimfunga kwenye mkono utepe wa rangi wa kupimia watoto waliokonda; ukasoma njano, rangi ya onyo. Alitupa pakiti za siagi ya karanga na akaniambia kwa upole mambo yote ambayo nilikuwa nimeshafanya: nisimlazimishe, nile naye sahani moja, nimwachie ashike mwenyewe, niwe na subira.

"Anaomboleza," alisema. "Hata wakubwa wakiomboleza hawakuli."

"Anamuomboleza nani? Mama yake niko hapa."

Aliita jina lililofuata. Alikuwa na wanawake wengine kwenye benchi. Tuliporudi baadaye utepe ulikuwa umefika mahali ambapo muuguzi hakutaka kuniangalia usoni. Alitaka kutupeleka hospitali kubwa, wamtie mpira wa chakula puani. Mume wangu alisimama kwenye korido amemshika mtoto ambaye hakuwa na uzito wa kitu, akasema, "Tumurudishe kwa mama."

Nilijua ni mama gani.

Nilikwenda naye mimi, na yule mdogo kifuani. Kwenye minibus alilala njia nzima akiwa ameegemea dirisha badala ya kuniegemea mimi. Tuliposhuka Kalengera, kabla hata sijalipa, alianza kutembea kwa ile miguu yake myembamba, akashika kijia cha shamba bila kugeuka. Mama mkwe alikuwa amekaa chini anapukusa maharagi. Alimwona, akapiga ukelele, akamwinua juu, na nilimsikia akisema kwa mshtuko, "Mutoto wangu, wamekufanya nini?" Sidhani alikusudia nisikie.

Aliweka sufuria. Mtoto alikaa kati ya magoti yake, akala bugali na maharagi kutoka kwenye kile kiganja kilichokunjwa, akatafuna, akameza, akafungua mdomo tena. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka hapo. Ilibidi mama mkwe amzuie, asije akapasuka tumbo. Nilijiambia nifurahi, anakula, si ndicho ulichoomba. Nilingojea furaha ije. Niliona tu midomo yake inang'aa mafuta.

"Mumuache kwanza," alisema mama mkwe, bila kuniangalia. "Akipata nguvu, mutakuya kumukamata."

"Ndiyo, mama."

Nilitaka kumgusa kichwa kabla ya kuondoka, lakini alikuwa bado anakula na niliogopa kwamba nikimgusa ataacha.

Alipata nguvu. Mama mkwe alituambia kwenye simu amenenepa, anajua kuokota kuni, anaimba kanisani. Mume wangu alipanga tukamchukue, tukapanga tena, halafu barabara ikafungwa upya, na safari hii hata yeye hakusema itafunguliwa lini. Siku hizi akizungumza na wageni anasema tuna mtoto mmoja hapa na mmoja kijijini. Inasikika kama jambo la kawaida. Kuna nyumba nyingi za hivyo Ndosho.

Kijana wetu amefikisha umri wa kuanza kula. Nilichelewa, na muuguzi alinigombeza. Nimempikia buyi ile ile, kwenye mbabula ile ile ya makaa, nikampa kwa kijiko, na hakutema hata mara moja; alipokea kana kwamba amekuwa akikingojea. Jirani alipiga makofi. Mama mkwe, siku rezo ilipopita, aliuliza kama anakula vizuri, na akaongeza kwamba wakati wa kumwachisha ukifika nisisumbuke, yeye bado ana nguvu.

Nilimwambia tutaona, mama. Nikamaliza kumlisha, nikamfuta mdomo, nikarudi kwenye mashine. Alikuwa ameshiba na ananichekea kutoka kwenye mkeka, nami nilishona bila kumtazama, kwa sababu kulikuwa na sare za shule za kumaliza, na kwa sababu sikuwa tena na moyo wa kumzoea mtoto ambaye naye angeweza kunisahau.