Maji ya Kijani ya Kidimbwi cha Mwatiko

Mume wangu alipoachishwa kazi bandarini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alichimba kidimbwi nyuma ya nyumba yetu Jomvu Kuu, pale maji ya bahari yanapoingia mikokoni. Akatia vifaranga vya mwatiko. Alitaka samaki wa kuuza, lakini zaidi alitaka kazi ya kuamkia.

Alikuwa msafi kupita kiasi. Maji yakianza tu kugeuka rangi aliyafungulia yatoke bahari ikipwa, akaingiza mapya ikijaa. Kidimbwi kikawa cheupe unaona matope chini, na samaki wembamba kama njiti. Jirani mmoja akipita husema, "Bwana birika, twaweza kutawadha?" Mume wangu alicheka naye, ila siku hizo sahani yake ilirudi na wali.

Siku moja afisa wa uvuvi akaja, akachutama ukingoni.

"Mzee, samaki wako wana njaa. Ule ukijani unaoumwaga ni mimea, midogo hata mmoja mmoja huuoni. Ndiyo chakula chao."

"Na yenyewe yala nini?"

Akatueleza polepole. Mimea ile, kama mihindi, inataka naitrojeni. Huipata kwenye mbolea, lakini pia kwenye mabaki ya samaki: protini ikioza huvunjika ikawa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino, na naitrojeni imo humo. Mimea mingine huvimeza vizima. Mingine huvivunja huko huko majini, ikachukua naitrojeni yake na kuacha kilichobaki.

Mume wangu akanitazama. "Kama huyu na mwatiko. Nyama yake, miba yangu."

"Si wewe unichambuliaye?" nikamwambia.

Tangu hapo nikawa namwekea vichwa vya kamba na maji niliyowaoshea. Aliviacha vioze ndani ya pipa, kisha akamimina kata moja moja, maana afisa alimwonya kwamba vikizidi samaki watakosa hewa. Pipa lilinuka, na jirani yule alikoma kuomba maji ya kutawadha. Kidimbwi kikawa kijani kama mchuzi wa mchicha, na samaki wakaanza kujaa mgongo. Sijui hasa walinenepeshwa na kamba au na kule kuacha kuyamwaga maji. Yeye alisema kamba, nami sikumbishia.

Wa kwanza hakuwauza. Mmoja alimpelekea jirani, mmoja tukala sisi. Alichambua miba akaiweka upande wake wa sinia, nyama akaisukuma kwangu. Sahani yake ya wali ilikwisha.

Sasa hayupo. Kidimbwi kimejaa matope upande mmoja, lakini samaki wamo, na nikipata kamba bado namimina maji yao. Mwatiko najichambulia mwenyewe, taratibu, na miba naiweka upande ule ule.