Mibuni Niliyoikata kwa Hasira

Kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo nilikuwa nikiwaambia wenzangu, mpaka siku kaka yangu wa tumbo moja aliposimama kwenye kikao cha ukoo, kijijini kwetu Ihanda, akasema baba hakuwahi kunipa shamba la kahawa la mtoni.

"Huyu mdogo wangu alikuwa anakuja kuchuma tu, kama vibarua. Kazi ya mibuni haijui."

Baba alikuwa kaburini, na shahidi wangu wa pekee alikuwa kaka huyohuyo. Siku napewa alikuwepo. Nilimkazia macho. Akajikuna kidevu. Wazee wakampa yeye shamba, mimi wakaniachia mibuni ya mlimani, mizee, iliyojaa majani matupu.

Sikulia. Nilikasirika hadi meno yakaniuma. Kesho yake asubuhi nilichukua msumeno, nikashuka mtoni niimalize mibuni yote, tukose wote.

Nilipokata wa tatu niligeuka kutazama nyuma, nikajionea haya. Visiki vyote nilikuwa nimevikata chini ya goti, mshazari, ili maji ya mvua yateleze. Ndivyo mbuni uliochoka unavyokatwa ili uchipue upya. Nilikwenda kuua, mkono ukatibu. Hata ubaya nao umenishinda!

Nikapanda mlimani na hasira yangu yote, nikaishushia mibuni yangu. Siku tisa. Kila mbuni niliutukana kama ndiye kaka, ndipo nikaukata. Majirani wakasema nimechanganyikiwa. Mvua ziliponyesha visiki vilichipuka. Nikaacha machipukizi mawili kwa kila kimoja, mengine nikayang'oa. Msimu wa tatu matawi yaliinama kwa kahawa. Hasira haikuisha, ila ilikuwa imepata kazi.

Ndipo kaka akaja. Ile mibuni mitatu ya mtoni ilikuwa imezaa kuliko mingine yake yote. Akazunguka shamba langu, akainama kushika kisiki.

"Mdogo wangu, njoo unikatie na ile iliyobaki."

"Si ulisema kazi ya mibuni siijui?"

Akaendelea kupapasa kisiki.

"Nani alinifundisha kukata hivi, kaka?"

Akatazama chini. "Baba. Ulikuwa naye kila siku kule mtoni, mpaka akakupa."

Tulikuwa wawili tu. Maneno hayohayo angeyasema kikaoni, nisingenyang'anywa shamba nililopewa na baba yangu. Nikamwambia aende akawaambie wazee, nami nitamkatia mibuni yote bure.

Mpaka leo hajaenda.